Uzi: Kwenye bunduki ya risasi moja, kichwa laini kinakishinda kigumu. Anayepinga aje na vipimo

#1 Kipanga_77
Wakuu, salaam.

Naingia kwenye hoja moja kwa moja. Kwa sisi tunaosubu vichwa wenyewe (kichwa ni kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni) na kujaza maganda kwa mkono kwa ajili ya bunduki za kupakia risasi moja moja, huu mtindo wa kukimbilia vichwa vigumu umetupotosha. Natumia bunduki ya ganda la .45-70. Nikisubu kwa risasi (hapa nina maana ya yale madini laini) na bati, sehemu 20 kwa 1, mtutu unatoka safi, natembeza kitambaa na kazi imeisha. Nikisubu kwa madini ya herufi za matbaa, yale magumu ya linotaipu, mbele tu ya chemba (pale ganda linapokaa) kunabaki utando wa risasi uliogandia kwenye mifereji (ile mikato ya kuzungusha kichwa ndani ya mtutu) na lazima niusugue. Baruti ileile, mafuta yaleyale, kalibu ileile.

Maelezo yangu ni haya. Kichwa laini kikisukumwa na gesi, kitako kinatanuka na kujaza mifereji, gesi inakosa pa kupenya. Kigumu kinagoma kutanuka. Gesi ya moto inapita ubavuni, inakikwangua, na kile inachokwangua ndicho kinachogandia chuma. Nawasilisha.

#2 Mpimaji
Mkuu, umetaja kila kitu isipokuwa kipenyo. Mtutu wako una upana gani kwenye kina cha mifereji? Kichwa chako je? Chukua kipande cha risasi safi, kipake mafuta, kipitishe mtutuni taratibu kwa fimbo, kisha kipime kwa mikromita. Kichwa kikizidi kipimo hicho kwa sehemu moja au mbili za elfu ya inchi, kimeshaziba kabla hata baruti haijawaka. Ukifika hapo, suala la laini au kigumu linapungua sana uzito.

#3 Kijana wa Juzi
Nafuatilia. Mie ndo nimenunua kalibu juzi, leseni ninayo, sijayeyusha chochote bado.

#4 Sajini Mstaafu
Kipanga yuko sahihi, hata wazee walipiga vichwa laini, tena ushahidi uko wazi. Chukueni bunduki ya Martini-Henry, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Kichwa chake kilikuwa greni 480, karibu gramu 31, cha sehemu 12 za risasi kwa 1 ya bati, kimefungwa karatasi. Nyuma yake greni 85 za baruti nyeusi, ile ya zamani yenye moshi mwingi. Mifereji ni 7, kazi ya Alexander Henry wa Edinburgh, na msokoto unazunguka mara moja kila inchi 22. Kile kichwa hakikuwa kinene kama mifereji. Kilikuwa kinaingia kwa raha, kisha baruti nyeusi, ambayo inasukuma kwa kishindo cha ghafla, inakipiga kitakoni kinavimba na kuziba. Bila kuvimba, mfumo mzima usingefanya kazi. Sasa Mpimaji atuambie wale walizibaje kabla baruti haijawaka.

#5 Mpimaji
Sajini, shikamoo. Hukunijibu, umenihamishia darasani kwenye somo jingine. Kichwa cha kufungwa karatasi hakigusi chuma kabisa. Karatasi ndiyo inayogusana na mtutu, kwa hiyo hakuna risasi ya kugandia popote. Kipanga anazungumzia kichwa cha mafuta, chenye vijifereji vya kubebea mafuta ubavuni, na hicho lazima kiwe kinene tangu mwanzo.

#6 Sajini Mstaafu
Marahaba. Bunduki ya jeshi la Marekani basi, Springfield ya 1873. Kichwa cha greni 405 juu ya greni 70 za baruti nyeusi, hakina karatasi, kina mafuta, na ni cha risasi na bati. Kililainishwa makusudi kitanuke. Sijahama somo.

#7 Nta Safi
Nyote mnagombania kitako na kipenyo, hakuna aliyeuliza mafuta yamefika wapi. Utando ukikaa karibu na chemba, hapo kweli shaka kipenyo au gesi. Ukikaa karibu na mdomo wa mtutu, mafuta yameisha njiani. Mtutu mrefu wa inchi 30 na zaidi unakula mafuta. Baada ya kufyatua, angalia mdomo wa mtutu kwa kidole (ganda likiwa limetolewa na kizuizi kinachofunga chemba kimefunguka, tafadhali). Ukiona duara la grisi laini, mafuta yametosha. Ukikuta pakavu, tafuta kichwa chenye vijifereji vipana zaidi.

Kwa baruti nyeusi, epukeni mafuta ya petroli. Yakiungua pamoja na ile baruti yanaacha masizi magumu kama lami. Nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, au nta na mafuta ya mimea, inatosha kabisa. Wingi wa nta unategemea joto la hewa: kukiwa na joto ongeza nta, kukiwa na baridi punguza.

#8 Kipanga_77
Nta Safi, utando wangu uko mbele ya chemba, upana wa vidole vitatu hivi. Mdomo wa mtutu una grisi. Kwa hiyo mafuta tuyaweke pembeni.

#9 Tembo Mweupe
Kuna kanuni inazunguka kila mahali: chukua ugumu wa Brinell (kipimo cha ugumu wa madini), zidisha kwa 1,422, unapata mgandamizo wa gesi, kwa pauni za inchi ya mraba, ambao kichwa kitaanza kutanuka. Tuiweke kwenye kesi ya Kipanga. Mchanganyiko wa 20 kwa 1 una ugumu kama 10, kwa hiyo 14,220. Linotaipu ni kama 22, kwa hiyo 31,284. Na .45-70 kwa kiwango cha viwanda vya Marekani haitakiwi kupita 28,000. Maana yake linotaipu haitanuki kabisa kwenye hiyo bunduki. Hoja ya #1 imethibitika kwa hesabu.

#10 Mpimaji
Haijathibitika. Hiyo 1,422 ni ubadilishaji wa vipimo tu, kilo kwa milimita ya mraba kwenda pauni kwa inchi ya mraba. Brinell inapimwa kwa kukandamiza kitufe cha chuma juu ya risasi kwa sekunde nyingi. Ndani ya mtutu tukio zima halifiki sekunde moja hata kwa ndoto, ni sehemu za elfu ya sekunde. Isitoshe kichwa kina uzito na kinagoma kuanza kutembea. Kitako kinasukumwa wakati pua bado haijasogea, na hilo linakifupisha na kukinenepesha hata mgandamizo ukiwa chini ya hiyo namba. Ndiyo maana kichwa kirefu kizito kinavimba zaidi ya kifupi chepesi cha madini yaleyale.

#11 Tembo Mweupe
Sasa hapo umemsaidia Kipanga au umempinga?

#12 Mpimaji
Nimeipinga kanuni. Kipanga bado hajaleta kipimo.

#13 Chuma Moto
Naongeza jambo ambalo wengi hawalitazami. Kalibu moja haitoi kichwa kimoja. Risasi yenye antimoni nyingi (madini ya kuikaza) inanywea kidogo ikipoa kuliko risasi tupu, kwa hiyo kalibu ileile ukiijaza linotaipu inatoa kichwa kinene zaidi na chepesi zaidi. Linotaipu ni takriban asilimia 84 risasi, 12 antimoni, 4 bati. Kwa hiyo kichwa kigumu cha Kipanga, kama hakipitishi kwenye tundu la kusawazishia, kilikuwa kinene kuliko kile laini, na bado kikaacha utando. Hiyo inaipa hoja yake nguvu kuliko hesabu za #9.

Kama anakisawazisha, basi vyote viwili vinatoka sawa na hatuna la kusema.

#14 Kipanga_77
Sisawazishi. Vinaingia kama vilivyotoka kwenye kalibu, napaka mafuta kwa mkono. Asante Chuma Moto.

#15 Bi Shabaha
Kabla hamjashangilia. Kichwa chenye kipenyo fulani juu ya meza siyo lazima kiwe na kipenyo hicho ndani ya ganda. Vifaa vingi vya kutanulia mdomo wa ganda vimetengenezwa kwa vichwa vya shaba, ambavyo ni vyembamba kidogo. Ukipachika kichwa cha kusubu, ganda linakikaba na kukiminya kitako, hasa kikiwa laini. Chukua ganda moja tupu bila baruti wala fataki (kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda), pachika kichwa, kitoe kwa nyundo ya kung'olea, kipime tena kitakoni. Kwangu nilikuta kitako kimepungua kiasi cha kutosha kuharibu kila kitu tulichokwisha kusema humu. Nikabadilisha kifaa cha kutanulia, kundi la matundu kwenye shabaha likajikusanya.

#16 Mpimaji
Dada, huo ndio uzi ninaoutaka.

#17 Nta Safi
Lakini Bi Shabaha, kama ganda linaminya laini zaidi, basi laini ndiyo ingeacha utando. Kwa Kipanga ni kinyume chake.

#18 Bi Shabaha
Kinyume chake kama laini haivimbi tena baada ya kuminywa. Ikivimba, inajirekebisha yenyewe. Ngumu ikiminywa hata kidogo inabaki hivyo hadi mwisho wa mtutu. Kwa hiyo mie na Kipanga tunaweza kuwa sahihi wote wawili.

#19 Kijana wa Juzi
Swali la mtu mgeni: risasi napata wapi? Jamaa ana ndoo ya vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu ya gari. Vinafaa?

#20 Chuma Moto
Vinafaa vile vya risasi, vina antimoni kidogo, ugumu wake kama 12 hivi. Ila siku hizi humo kumechanganyika vya zinki na vya chuma. Kagua kimoja kimoja. Kata kwa koleo: risasi inakatika kirahisi, zinki inagoma. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki 419. Ukiyeyusha kwa moto mdogo, chini ya 400, vya zinki vinaelea na unaviopoa kwa upawa. Ukizidisha moto zinki inaingia ndani ya sufuria na mchanganyiko unakuwa mzito kama uji, haujazi kona za kalibu.

Na ule ukoko wa kijivu unaotokea juu usiutupe haraka, mwingi wake ni bati. Tupia kipande cha nta, koroga, bati linarudi chini. Nta itawaka, kaa mbali uso.

#21 Mama Zuu
Kijana wa Juzi, mwanangu, kabla ya kuwasha moto soma hapa. Tone moja la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na sufuria nzima inaruka juu. Hata kichwa chenye unyevu au upawa wenye jasho kinatosha. Vaa miwani, glavu za ngozi, mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu. Hakuna maji mezani, hakuna chai, hakuna watoto.

Watu wanaogopa moshi peke yake. Kwenye joto la kusubia risasi haitoi mvuke mwingi, inachemka kwenye nyuzi 1,749 ambazo hatuzikaribii. Sumu inaingia kwa mkono kwenda mdomoni, na kwa vumbi la ule ukoko wa kijivu. Subia nje au penye hewa, osha mikono kabla ya kula, nguo za kazi zisifuliwe na za nyumba, na upime damu kila mara daktari akikupangia. Maganda yaliyokwisha kupigwa pia yana vumbi la risasi kutoka kwenye fataki.

#22 Kijana wa Juzi
Asante mama. Nimeelewa.

#23 Msokoto
Nimesoma vyote na sikubaliani na yeyote. Utando huo wa Kipanga ni dalili ya koo la mtutu (pale mifereji inapoanzia) lenye makwaruzo ya kifaa cha fundi. Kichwa laini kinapita juu ya makwaruzo, kigumu kinakwanguliwa. Mkuu tazama ndani kwa taa nyembamba, au pitisha kitambaa kwa kukisukuma polepole na usikilize mkono: kama kuna mahali kinakaza kisha kinalegea, hapo pana kasoro. Mtutu unaobana mahali popote kisha kutanuka unakipunguza kichwa kipenyo, na kuanzia hapo mbele hakizibi tena.

#24 Sajini Mstaafu
Hiyo nayo ni kweli, ila ukiona kila kitu ni kosa la fundi wa mtutu utanunua mitutu mpaka uzeeke.

#25 Tembo Mweupe
Kwani lengo ni mtutu safi au shabaha? Maana naona tunajadili usafi tu. Dk. Franklin Mann wa Massachusetts alitumia miaka mingi kuvipiga vichwa alivyoviharibu makusudi, akachapisha matokeo mwaka 1909. Pua iliyoharibika haikumsumbua sana, kichwa kilienda karibu na pale pale. Kitako kilichoharibika kilikitawanya. Sababu inaeleweka: kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu, na kikiwa na upande uliopungua, gesi inatoka upande mmoja kwanza na kukipa kichwa teke.

Kwa hiyo angalia kitako kabla ya kuuliza ugumu. Kona iwe kali na kamili pande zote. Kona ikiwa ya mviringo, kalibu ilikuwa baridi au ulimimina kidogo. Acha kikonyo kikubwa juu ya sahani ya kalibu, kile kidimbwi kinalisha kichwa kinaponywea.

#26 Bi Shabaha
Naunga mkono kwa nguvu zote. Vichwa vyangu vyenye mikunjo ubavuni vinarudi sufuriani, lakini vya kitako kibovu ndivyo vinarudi kwanza. Kalibu ikipata joto sawasawa, mimina kwa mwendo mmoja usiobadilika. Ukisimama kupiga soga kalibu inapoa na vichwa viwili vitatu vinavyofuata havifai. Kichwa kikianza kutoka na ukungu mweupe wa unga, joto limezidi, punguza mwendo. Huo ukungu hauna madhara kwenye shabaha.

#27 Msokoto
Kitako mmekishindilia, na urefu? George Greenhill wa Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni mwaka 1879: msokoto kwa inchi ni 150 mara kipenyo, mara kipenyo tena, gawa kwa urefu wa kichwa. Kichwa cha .458 chenye urefu wa inchi 1.1 kinahitaji msokoto wa inchi 28 na nusu hivi au mfupi zaidi. Ukitaka kichwa kirefu cha kufika yadi 1,000 kwenye mtutu wa msokoto mrefu, kitapinduka hewani na utalaumu bati.

#28 Sajini Mstaafu
Yadi 1,000! Umenikumbusha mashindano ya shabaha ya Creedmoor, Long Island, Marekani, Septemba 1874. Waayalandi walikuja na bunduki za Rigby za kupakia mdomoni, Wamarekani wakaja na Remington na Sharps za kupakia nyuma. Wengi waliamini za mdomoni haziwezi kushindwa kwa umbali ule. Wamarekani walishinda 934 kwa 931, yadi 800, 900 na 1,000. Pointi 3 tu.

#29 Mpimaji
Na miaka ya baadaye Harry Pope, fundi wa mitutu wa Marekani, akawa anapakia kichwa kutoka mdomoni na ganda lenye baruti kutoka nyuma, kwa bunduki hiyohiyo moja. Alifunga kipande cha mtutu bandia mbele ili kichwa kiingie wima bila kuumia kitako. Mifereji inakuwa imeshachongwa ubavuni mwa kichwa kabla ya moto, tena kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo kitako hakibaki na kinyuzi cha risasi kilichovutwa nyuma. Watu walipiga makundi madogo ajabu kwa vichwa laini, kwa baruti kidogo. Hapo suala la kuvimba linaingiaje, Sajini?

#30 Sajini Mstaafu
Linaingia kwa kuwa bado vilikuwa laini. Angetaka vigumu, asingepata mtu wa kuvisukuma kwa fimbo.

#31 Chuma Moto
Jamani, mmenifurahisha. Turudi. Kuna njia ya katikati: risasi yenye antimoni kidogo na chembe za aseniki, kama ile ya magurudumu, ukiidondosha kutoka kwenye kalibu moja kwa moja kwenye ndoo ya maji (ndoo ikae mbali na sufuria, Mama Zuu asije juu) inapata ugumu mkubwa kadiri siku zinavyopita. Risasi na bati peke yake haipati ugumu kwa njia hiyo. Kipanga akijaribu madini yaleyale, nusu yamedondoshwa majini na nusu yamepoa hewani, tutajua kama ni ugumu au ni kipenyo, maana kalibu na mchanganyiko vitakuwa vimoja.

#32 Kipanga_77
Hilo ni jaribio zuri. Nitalifanya. Ila nasimama pale pale kuhusu baruti nyeusi: laini.

#33 Nta Safi
Kipanga hukusema kama unatumia baruti nyeusi au isiyo na moshi!

#34 Kipanga_77
Isiyo na moshi kwa haya niliyoeleza #1. Nyeusi natumia kwenye bunduki nyingine.

#35 Nta Safi
Basi nusu ya uzi huu tumejibu swali lisiloulizwa. Baruti isiyo na moshi, kwa kipimo chepesi, inapandisha mgandamizo taratibu. Lile teke la baruti nyeusi halipo.

#36 Mama Zuu
Na kwa wasomaji wapya: hizo baruti mbili hazibadilishani. Kipimo cha nyeusi ukikijaza isiyo na moshi, umepasua bunduki na pengine kichwa chako. Fuata kitabu cha kipimo cha mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo, kwa aina ya bunduki yako, anza na kipimo cha chini. Bunduki za zamani za kizuizi hazina nguvu sawa na za sasa hata kama ganda linaingia.

#37 Tembo Mweupe
Swali la pembeni: na wanaojaza pamba au kapoki juu ya baruti nyepesi ili isitembee ndani ya ganda? Nimeona chemba ina pete iliyovimba, mahali hasa kitako cha kichwa kinapokaa.

#38 Mpimaji
Kuna wanaosema pamba inarushwa kama nyundo, inamkuta kichwa hajasogea, chuma kinavimba pale. Kuna wanaosema ni pale tu inapoachwa nafasi kati ya kijazio na kichwa. Mie sitii kitu. Naelekeza mdomo wa bunduki juu kidogo kabla ya kulenga, baruti inarudi kwenye fataki.

#39 Bi Shabaha
Mie natia kijazio na chemba yangu iko sawa, lakini kinagusa baruti na kichwa pande zote mbili, hakina pa kukimbilia. Tusiwafundishe wageni hili kwa mistari miwili.

#40 Msokoto
Kipanga, kabla ya jaribio la #31 pima koo. Safisha chemba, ziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya koo, mimina aloi ya bismuthi ile inayoyeyuka chini ya joto la maji yanayochemka, itoe ikishaganda. Inanywea kwanza kisha inatanuka polepole, kwa hiyo ipime baada ya saa moja, siyo papo hapo. Lete kipenyo cha koo, cha mifereji, na cha vichwa vyote viwili kabla na baada ya kuvipachika kama alivyosema dada #15.

#41 Kipanga_77
Aloi ninayo. Nikimaliza naleta namba zote hapa hapa. Chuma Moto, vya majini niviache siku ngapi kabla ya kupiga?

#42 Chuma Moto
Vipe wiki. Na vya hewani uvipige siku hiyo hiyo na hivyo, usitangulize kundi moja.